Elimu Iliyofungiwa Sandukuni

Mwaka 1982 watafiti kutoka Ulaya walichapisha makala juu ya damu ya watu wa Liberia. Damu hiyo ilikuwa imepimwa, na katika baadhi yake zilionekana alama za kuwa wenyewe walipata kukutana na virusi vya Ebola. Hukumu ya watafiti ilikuwa wazi: Liberia yapasa kuhesabiwa miongoni mwa nchi ambamo maradhi hayo yana maskani, na waganga wake wajihadhari. Miaka 32 ikapita. Mwaka 2014 Ebola ikazuka Liberia, na kabla haijakoma ikaua watu zaidi ya 4,800. Mwezi wa Aprili 2015 wakuu wa afya wa nchi hiyo walieleza katika gazeti la New York Times kwamba onyo lile halikuwafikia. Hapakuwa na Mliberia aliyeshiriki kuliandika. Na kuipata moja tu ya makala za namna hiyo kwa njia ya intaneti kulimgharimu daktari wa Liberia dola 45, yaani karibu nusu ya mshahara wake wa juma zima.

Hapana awezaye kuapa kwamba makala ile ingaliwaokoa wote waliokufa. Lakini ni nani awezaye kutetea utaratibu huu? Damu ilitoka Liberia, elimu ikakaa Ulaya, na njia ya kurudi ikawekewa ushuru.

Ushuru huo hauna asili ya haki. Mwandishi wa makala ya kitaalamu halipwi kitu na mchapishaji. Wahakiki wanaoipima makala nao aghalabu hawalipwi kitu. Mishahara yao wote hutoka katika vyuo, na fedha ya vyuo, mara nyingi, hutoka katika kodi ya wananchi. Kisha maktaba ya chuo kile kile hutakiwa kununua kwa bei kubwa kazi iliyotolewa bure na watu wake. Mfano wake ni mkulima aliyelima kwa jembe lake, akavuna kwa mikono yake, akampa mwenye ghala mavuno yote bila malipo, halafu akasimama mlangoni kununua kibaba cha chakula cha watoto wake. Ni kweli mwenye ghala ana kazi: hupanga, husahihisha na kutunza. Alipwe ujira wa kazi hiyo. Asirithi shamba ambalo hakulilima.

Dawa ya dhuluma hii haikuzuka jana. Mwaka 1991 Paul Ginsparg, mwanafizikia wa Los Alamos katika Marekani, alianzisha hazina ambamo wenziwe waliweza kuweka makala zao ili kila mtu azisome. Hazina hiyo ndiyo arXiv, ambayo mwaka 2001 ilihamia Chuo Kikuu cha Cornell, na leo ina makala zaidi ya milioni mbili. Asomaye halipi; aandikaye halipi. Februari 2002 tamko lililotoka Budapest lilitaja njia mbili za kuifungua elimu: wataalamu kuweka makala zao katika hazina huria, na majarida kusomwa bila malipo.

Wako wanaoibeza njia ya kwanza. Husema ati kizuri chajiuza, na kilichomwagwa bure katika hazina ni makapi. Waulizwe habari za Grigori Perelman. Kati ya 2002 na 2003 Mrusi huyo aliweka katika arXiv maandishi matatu yaliyofumbua fumbo la Poincaré, lililowashinda wanahisabati kwa karibu karne nzima. Hakuyapeleka katika jarida lolote. Wanahisabati wenziwe waliyachambua kwa miaka kadhaa wakayaona ni ya kweli, na mwaka 2006 akatunukiwa Nishani ya Fields, ambayo aliikataa. Thamani ya hoja haimo katika bei ya karatasi. Tena, makala iliyokwisha kuhakikiwa na jarida yaweza kuwekwa katika hazina vile vile. Kuwekwa huko hakuifuti hukumu ya wahakiki.

Wengine huhofia wizi. Lakini mwizi hupenda giza. Makala iliyowekwa hadharani, ikiwa na jina na tarehe yake, ina mashahidi wengi kama wasomaji wake. Iliyofungiwa kabatini haina hata mmoja.

Wengine nao hudai kuwa mambo yamekwisha kutengenea, kwa kuwa majarida makubwa sasa humruhusu mwandishi alipie makala yake isomwe bure. Mwaka 2020 jarida la Nature lilitangaza bei ya ruhusa hiyo: yuro 9,500 kwa makala moja. Huko si kuufungua mlango. Ni kuuhamisha ufunguo. Jana msomaji maskini alizuiwa asisome; leo mwandishi maskini azuiwa asiandike. Hazina peke yake humpokea huyu na yule.

Basi lawama isiwaangukie wachapishaji tu. Wengi wao humruhusu mwandishi aweke katika hazina ya chuo chake mswada uliokubaliwa, wengine papo hapo, wengine baada ya miezi kadhaa. Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Dar es Salaam vina hazina za namna hiyo. Mtaalamu aliyeruhusiwa kuweka, mwenye mahali pa kuweka, asiweke, amwonee nani? Katika Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, uongozi ulikata shauri kwamba kazi ambayo haikuwekwa katika hazina ya chuo haitahesabiwa wakati wa kumpandisha mtu cheo. Uzembe ukapata tiba.

Chuo chochote cha Afrika chaweza kutoa amri kama hiyo bila kungoja msaada wa mtu. Lakini hazina yenyewe iwe mikononi mwa umma, kwani kilicho na mwenyewe huuzwa: SSRN, iliyoanzishwa mwaka 1994 na kupendwa na wanauchumi, ilinunuliwa na kampuni ya Elsevier mwaka 2016.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Liberia haikuficha maradhi yake. Ilifichwa habari zake. Tasnifu iliyolala leo katika kabati la idara, haina msomaji wala nakala, yaweza kuwa na onyo lililo mfano wa lile la 1982. Mwenye kabati hajui. Naye ndiye mwenye ufunguo.