Deni ya mwanafunzi: tuhesabu mbele ya kukopa



Katika gazeti letu hili tumezoea kuandika juu ya mpira, kwaya na mitihani. Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo kila mtu analificha: deni. Sisi wa darasa la sita tunaliandika sababu Examen d'État inakaribia, na wengi wetu wanawaza universite. Lakini tumeona kwamba mtu asiyeweza kushinda deni ya mandazi hapa Kasongo, hataweza kushinda deni ya Kindu, wala ya Bukavu, wala ya Lubumbashi.

Mwanzo wa maneno ni huu. Muhula uliopita mwenzetu mmoja aliacha kupita njia ya soko. Kila asubuhi alizunguka mbali, akafika shuleni amechelewa, akapata azabu. Tulifikiri ni uvivu tu. Kiisha tukajua: alikuwa na deni ya mama mmoja mwenye kuuza mandazi. Mama yule hakumtukana hata siku moja. Alimwambia tu: "Mwanangu, na miye niko na watoto wanaosoma." Neno lile lilimuuma kuliko fimbo. Tulipozungumza habari hiyo usiku, tukaona si yeye peke yake. Karibu kila mmoja wetu alikuwa na njia anayoogopa kupita.

Deni inaingia namna gani? Inaingia kwa neno tamu: "Mama, nipatie tu, ntalipa kesho." Tufanye hesabu. Ukikopa mandazi ya franka 500 kila siku ya masomo, siku sita kwa juma, ni franka 3.000. Kwa majuma mane ni franka 12.000. Hakuna hata mmoja kati yetu angekubali kuchukua deni ya franka 12.000 kwa siku moja juu ya mandazi. Lakini kwa siku 24 tunaichukua bila kusikia uzito wake.

Na hapa tunajishitaki sisi wenyewe. Deni ikizidi, mwanafunzi anapiga simu kijijini: "Baba, shule imeongeza makuta." Shule haikuongeza kitu. Lakini baba hawezi kujua. Anatafuta mnunuzi, anauza mpunga ungali shambani, kwa bei ya huruma. Siku ya mavuno magunia yanakwenda kwa mnunuzi, na wadogo zetu wanayatazama yakipita. Hivi deni ya mandazi inageuka njaa ya nyumba nzima. Wengine wetu tumefanya hivi, na tunaona haya kuandika. Lakini ni afazali kuona haya katika gazeti kuliko mbele ya baba.

Sasa tuwaze universite. Hapa Kasongo angalau kuna mjomba, kuna shangazi, kuna mzee wa kanisa atakayeuliza: "Kijana, namna gani?" Kule mbali hakuna anayekujua. Na matumizi hayaji siku moja. Kuna makuta ya kujiandikisha, kuna minervali, kuna silabusi ambazo profesa anataka zinunuliwe, kuna kazi ya mwisho wa masomo ya kupiga mashini na kufunga. Mwenye nyumba anadai garanti ya miezi kazaa mbele ya kukupa ufunguo. Anayeondoka hapa na makuta ya kujiandikisha peke yake anafikiri ameingia. Kumbe amefika kizingitini tu.

Wazee wetu wanatuambia kwamba wakati wao mwanafunzi wa universite alipata bursi ya Serikali. Ni kweli. Lakini hata bursi ile haikuondoa shida. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana kule Kinshasa, na moja ya madai yao ilikuwa bursi iongezwe. Askari wakawapiga risasi, na wengine wakafa. Mwaka 1971 Lovanium, universite ya Lubumbashi na ile ya Kisangani, ambayo makanisa ya Waprotestanti yalikuwa yameianzisha mwaka 1963, ziliunganishwa kuwa UNAZA, mpaka mwaka 1981. Leo mwanafunzi hapati bursi kwa sababu tu ameingia universite. Serikali ilifuta malipo ya shule za musingi za Serikali tangu mwaka wa masomo 2019, na tunashukuru juu ya wadogo zetu. Lakini sekondari na universite bado mzigo ni wa jamaa. Basi kijana anayekwenda leo anabeba hesabu ambayo zamani Serikali ilibeba sehemu yake.

Tena kuna neno la dolari. Malipo mengi ya universite yanahesabiwa kwa dolari, na baba anauza mchele na mawese kwa franka. Mwanzoni mwa mwaka 2016 dolari moja ilikuwa chini ya franka 1.000. Mwaka 2018 ilipita 1.600, na mwaka 2024 ilipita 2.700. Kwa hiyo anayekopa dolari na kulipa kwa franka anaweza kuona deni yake imekuwa kubwa, hata kama hakuongeza kukopa. Mwenye kuweka makuta ya minervali, aulize bei ya dolari mbele ya kulala.

Njaa ikifika kule mjini, ndipo wanakuja wale wa mkopo unaoitwa Banque Lambert. Si banki yenye ofisi wala alama mlangoni. Ni mtu tu mwenye makuta. Mara nyingi unachukua dolari 100, mwisho wa mwezi unarudisha 150. Walimu na wafanyakazi wa Serikali wanaijua sana. Tufanye tena hesabu. Usipolipa, na nusu ikaongezwa tena juu ya ile deni, mwezi wa pili ni 225, mwezi wa tatu inapita 337. Umekula 100 tu. Simu yako, kitanda chako, hata karatasi zako za shule, vinabaki kwake. Hiyo si msaada, ni mtego wenye chakula ndani.

Wengine watatujibu: "Ninyi mnasema hesabu, hesabu. Maskini atahesabu nini? Hakuna kitu cha kuhesabu." Neno hili si la kucheka. Kuna wenzetu wanaokula mara moja kwa siku, na hatuwezi kuwaambia wapunguze. Lakini tusome tena Wafalme wa Pili, sura ya 4. Mmoja wa wana wa manabii alikufa, akaacha mke, watoto wawili na deni. Mtu yule alikuwa mwanafunzi kama sisi, tena mcha Mungu, na deni ilimpita, ikataka kukamata watoto wake wawe watumwa. Elisha alimuuliza yule mama yuko na kitu gani nyumbani. Akajibu kwamba hana kitu ila mafuta kidogo. Elisha akamtuma kwa majirani kuazima vyombo vitupu.

Sisi watu wa Maniema tunajua mafuta. Basi tutazame vizuri. Kwanza, mama yule alihesabu, na hesabu yake ilikuwa chupa moja tu. Kumbe hata mwenye chupa moja anaweza kuhesabu. Pili, aliazima vyombo, hakuazima mafuta. Aliazima kitu cha kufanyia kazi na kukirudisha, hakuazima kitu cha kula na kumaliza. Tatu, mafuta yalipouzwa alilipa deni kwanza, na yeye na watoto wakaishi kwa yaliyobaki. Siye tunageuza: tunakula kwanza, na mwenye deni tunampatia yaliyobaki, na hakuna kinachobaki.

Kwa hiyo tunaleta mashauri haya.

Kila mwanafunzi awe na kaye moja ndogo ya matumizi. Upande mmoja aandike kilichoingia: makuta, mchele, unga wa mihogo, mawese, maana vyakula kutoka kijijini ni makuta pia. Upande wa pili aandike kilichotoka. Mavuno yanaleta vitu kwa wingi siku moja, na tumbo linadai kila siku. Ukipokea gunia, ligawe kwa majuma mbele ya kulifungua.

Mbele ya kukopa, ujiulize: nakopa chombo au nakopa mafuta? Anayekopa baiskeli siku ya mapumziko apeleke mawese sokoni ameazima chombo. Anayekopa kiatu juu ya sikukuu ameazima mafuta.

Likelemba inasaidia, lakini tuelewane: anayepokea wa kwanza hakupata zawadi, amekuwa mdeni wa wote waliobaki. Asiye na uhakika wa kuchanga mpaka mwisho aombe zamu ya mwisho.

Wanaokwenda universite waulize wakubwa wetu waliotangulia orodha yote ya malipo, toka garanti mpaka karatasi, wampelekee baba orodha hiyo mbele ya safari. Baba akiona hesabu yote, anaweza kusema: subiri mwaka mmoja, tutafute. Kusubiri mwaka mmoja si aibu. Kurudi katikati ya mwaka na deni ndiyo taabu.

Na kwa wakubwa wetu wa shule tunaleta ombi moja kwa heshima. Malipo ya mwaka yote, hata yale madogo ya karatasi, ya mitihani na ya michezo, yaandikwe siku ya kwanza na kubandikwa mlangoni, na mzazi apewe karatasi yake. Yakija moja moja, mwanafunzi mwema anashindwa kuhesabu, na mwanafunzi mwongo anapata nafasi ya kuongeza yake. Tumekubali kosa letu hapo juu. Tunaomba mtusaidie tusirudie.

Yule mwenzetu amelipa. Alikwenda kwa yule mama, akamwambia kweli, wakapatana franka kidogo kila juma, na Jumamosi akamchotea maji. Sasa anapita njia ya soko kichwa juu, na anafika shuleni mbele ya kengele. Tunatamani kila mmoja wetu apite hivyo, hapa na kule tunakokwenda. Mungu atusaidie.