Kijana wa Mifugo Akiugua, Mlipe: Tuache Kujificha Nyuma ya Neno "Amejiajiri"



Wiki hii sitaongelea chanjo ya mdondo wala dawa ya minyoo. Kuna swali ninalokutana nalo Nachingwea na Ruangwa kote, kuanzia kijiweni kwenye kahawa mpaka kwenye foleni ya kupima ufuta. Swali lenyewe ni hili: "Afisa, kijana anayechunga mbuzi wangu anaumwa, leo siku ya sita. Namlipa wa nini? Kwani nimemwajiri? Yeye si amejiajiri, anachunga mbuzi wa watu watatu?"

Jibu langu ni fupi. Mlipe.

Najua wengi mtanuna. Wengine mtasema afisa anakula mshahara wa serikali, hajui uchungu wa kutoa pesa mfukoni. Naujua, kwa sababu na mimi nafuga. Na kosa ninalolikemea hapa nimelifanya mwenyewe, kwa hiyo nianzie hapo.

KOSA LANGU

Nina mbuzi 11. Tulikuwa kaya tatu tunamchangia kijana mmoja, kila kaya 60,000 kwa mwezi, jumla 180,000. Maana yake ni 6,000 kwa siku, na sehemu yangu ni 2,000.

Siku moja kijana akapata homa, akalala siku tano. Mwisho wa mwezi nikamkata 10,000. Wenzangu wakaniona nafanya hivyo, nao wakamkata. Nikamwambia, "Kijana wangu, hakuna kazi hakuna pesa, hata mimi napigwa jua." Hakubisha. Alipokea, akasema asante, akaondoka.

Miezi miwili baadaye akaugua tena. Safari hii hakusema. Alitoka na mbuzi asubuhi kama kawaida, jua lilipokuwa kali akalala chini ya mwembe, hakuamka. Mbuzi wakaingia kwenye mbaazi za jirani zilizokuwa zinatoa maua, wakala mpaka jioni. Waliomkuta kijana ni akina mama waliokuwa wanatoka kuteka maji. Alipelekwa zahanati kwa bodaboda, amekaa katikati ameshikiliwa.

Tulikaa mbele ya viongozi wa kijiji. Fidia ya mbaazi, sehemu yangu peke yangu ilikuwa 85,000. Niliokoa 10,000, nikalipa 85,000. Jirani yule mpaka leo salamu yake ni ya mbali. Kijana alipona, tunamshukuru Mungu, lakini hakurudi kwangu. Sikumlaumu.

Funzo nililopata ni kwamba ukimkata mgonjwa pesa yake hujaondoa ugonjwa. Umemfundisha kuuficha. Na mchungaji anayeficha homa yake mwenyewe ataficha pia mbuzi anayekohoa, mbuzi aliyetupa mimba na mbuzi aliyepotea. Zote ni habari mbaya, na amejifunza kwako kwamba habari mbaya inakatwa pesa.

HOMA HIYO INATOKA WAPI?

Tukumbuke Julai 2022. Wilaya ya Ruangwa, watu walianza kufika kituo cha afya Mbekenyera wakiwa na homa, kichwa kinauma, mwili umechoka, damu zinatoka puani. Tuliogopa sana. Tarehe 18 Julai Waziri wa Afya akatangaza kwamba ni Homa ya Mgunda. Mpaka siku hiyo wagonjwa walikuwa 20, na watatu walishafariki.

Homa ya Mgunda inatoka kwa wanyama. Vimelea vinakaa kwenye mkojo wa panya, ng'ombe, mbuzi, nguruwe, mbwa na wanyama wa porini. Mkojo unaingia kwenye maji na tope. Mtu anakanyaga akiwa peku, ana mchubuko mguuni, au ananawa uso kwenye dimbwi, vimelea vinaingia.

Sasa niambie, kijijini kwako ni nani anakanyaga tope la lambo kila siku? Ni nani ananywa maji pale pale mbuzi wanapokunywa, kwa sababu nyumbani ni mbali na hukumpa hata dumu?

Kuna na ugonjwa wa kutupa mimba, brusela. Mtu anaupata kwa kunywa maziwa mabichi au kumzalisha mnyama kwa mikono mitupu. Dalili yake kwa binadamu ni homa inayokuja na kuondoka, viungo vinauma, jasho usiku. Leo mzima, kesho kalala. Ndiyo huyu unayemwita mvivu. "Jana nimemwona sokoni, leo anasema anaumwa." Inawezekana kabisa ugonjwa huo ameupata zizini kwako, akimshika mbuzi wako.

Ukivunjika mpini wa jembe lako shambani, unanunua mpini mwingine bila kulalamika. Mtu akivunjika akichunga mali yako, unamwambia amejiajiri?

"AMEJIAJIRI": TUANGALIE SHERIA

Stashahada yangu ni ya mifugo, si ya sheria. Lakini haya yako wazi, nimeyasoma na kuyauliza.

Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata likiwepo moja tu kati ya mambo kama haya: anafanya kazi kwa maelekezo yako, saa zake unazipanga wewe, kwa miezi mitatu iliyopita amekufanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi, anakutegemea wewe kiuchumi, vifaa vya kazi unampa wewe.

Jipime. Nani anasema mbuzi watoke saa mbili na warudi saa kumi na mbili? Nani anasema leo wapelekwe bondeni, kesho mlimani? Fimbo, kamba na kengele ni za nani? Na saa 45 kwa mwezi, mchungaji anazimaliza ndani ya wiki moja. Neno "amejiajiri" halitakusaidia mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hata kama hamkuandikishana popote. Wala msifikiri kwamba kumchangia kaya tatu kunamtoa kila mmoja wenu kwenye wajibu.

Na akishakuwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, kifungu cha 32, inampa likizo ya ugonjwa ya angalau siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kwa kawaida asiyetimiza miezi sita kazini haki hiyo haijamfikia, ingawa wa msimu wana utaratibu wao. Na asipoleta cheti cha tabibu, hulazimiki kumlipa. Kwa hiyo sheria haikumwacha mwajiri mikono mitupu.

Sasa tusiwe waongo upande wa pili. Aliyejiajiri kweli yupo. Yule mwenye bomba lake la kupulizia mikorosho, anayehama shamba hadi shamba, bei anapanga mwenyewe kwa mkorosho, akimaliza kwako yuko kwa mwingine, huyo amejiajiri. Vilevile anayepita kuchanja kuku kwa kuhesabu vichwa. Akiugua katikati ya kazi, sheria haikudai siku alizolala. Mlipe mikorosho aliyopulizia, yote, usimpunje, mengine ni utu wako. Lakini mchungaji wako si huyo, na wewe unajua.

MANENO NINAYOYASIKIA

"Atajifanya mgonjwa." Wapo. Dawa yake ni karatasi ya zahanati, si kumnyima kila mtu. Umekubali kulipa kwa karatasi, mdanganyifu atashindwa mwenyewe. Na mara nyingi anayekimbia karatasi ni tajiri, maana anajua itamlazimu.

"Mimi mkulima, nikiugua nani ananilipa?" Hoja hii naiheshimu, ni ya kweli. Lakini ukilala wewe, mbuzi wako wenye mimba wanaendelea kukua, mikorosho yako inaendelea kutoa maua. Una mali inayofanya kazi ukiwa kitandani. Yeye ana siku zake tu. Ukizichukua, hana kingine.

Na sisi wenyewe tukoje? Pesa ya mnada wa korosho au ufuta ikichelewa siku chache kuingia kwenye akaunti, kijiji kizima tunapiga kelele: jasho letu! Kelele hiyo ni halali kabisa. Basi jasho la kijana nalo ni jasho.

"Siwezi kulipa watu wawili." Hapa ndipo hesabu inapotudanganya. Chukua kaya zetu tatu. Kijana akiumwa siku saba ni 42,000, kila kaya 14,000. Lakini hiyo 14,000 ungeitoa hata angekuwa mzima! Si gharama mpya. Gharama mpya ni ya wa kushika nafasi yake, nayo ni 14,000 nyingine kwa kila kaya. Na hata hiyo mnaweza kuikwepa: pokezaneni zamu ya kuchunga, au mbuzi wafungwe na kukatiwa majani kwa siku chache.

Ila usije ukamtoa mtoto shule akashike fimbo. Chini ya miaka 14 sheria imekataza kabisa kuajiri, na mwenye miaka 14 ni kazi nyepesi tu isiyomzuia masomo. Nikimkuta malishoni saa nne asubuhi siku ya shule, sitanyamaza.

FANYENI HIVI

Kama mna mchungaji, kaeni jioni moja mkubaliane na kuandika kwenye daftari. Mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji awe shahidi. Mambo ni haya:

1. Siku za ugonjwa. Aliyefikisha miezi sita, fuateni sheria. Ambaye hajafikisha, mimi nashauri angalau siku 14 za malipo kamili kwa mwaka.

2. Taarifa. Akijisikia vibaya aseme asubuhi hiyo hiyo, kwa simu au kwa kumtuma mtu. Akisema, asigombezwe.

3. Karatasi. Siku mbili za kwanza mwaminini. Kuanzia ya tatu alete karatasi ya zahanati, na nauli ya kwenda zahanati mtoe ninyi.

4. Zamu. Andikeni mapema kaya ipi inachunga siku ipi akiwa hayupo.

5. Ugonjwa au jeraha la kazini. Akiumwa na nyoka malishoni, akipigwa pembe, au tabibu akisema ni Homa ya Mgunda au brusela, matibabu ni juu yenu. Mulizeni mtendaji pia kuhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

6. Bima. CHF iliyoboreshwa ilianza kwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita. Ulizeni zahanati utaratibu wa sasa ukoje, mgawane mchango wake. Ni pesa ndogo kuliko fidia ya mbaazi.

7. Kinga. Mnunulieni gambuti. Mpeni dumu la maji ya kuchemsha kila asubuhi. Asishike kondo la nyuma wala mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu. Pigeni panya vita zizini na ghalani.

Na homa ikiambatana na damu puani, au homa isiyosikia dawa ya malaria, asisubiri wala asitibiwe kwa vidonge vya duka. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mseme wazi kwamba anachunga mifugo. Homa ya Mgunda inatibika ikiwahiwa.

NAMALIZIA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ukuta wangu nilijenga kwa 85,000, na jirani.

Kama una kijana aliyelala leo na ulipanga kumkata mwisho wa mwezi, bado hujachelewa. Nenda kamjulie hali. Usiende mikono mitupu, beba hata unga wa uji. Mwambie: "Mwanangu, pona kwanza, pesa yako ipo." Halafu itume tarehe ile ile mliyozoea, usimfanye aje kuidai akiwa anatetemeka.

Mwenye swali au anayepinga, anione ofisi ya kata siku ya kazi, au anisimamishe njiani. Pikipiki mnaijua. Nitasimama.

Wiki ijayo turudi kwenye chanjo ya mdondo: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Andaa hesabu ya kuku wako mapema.