Garissa na Sheria ya Kimataifa: Nani Alichelewa?

Ipo hoja inayopendwa siku hizi kumbini na maofisini: kwamba sheria ya kimataifa imekufa, maana haiwazuii wenye nguvu kuua. Wanaoisema hujiona wameutambua ukweli mchungu. Nawaomba waipeleke hoja yao Garissa.

Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015, al-Shabaab walikivamia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Kuua ni kosa la jinai nchini Kenya tangu zamani. Je, nani alitangaza siku ile kwamba sheria ya jinai ya Kenya imekufa? Tuliuliza maswali ya haki: mbona walinzi wa langoni walikuwa wachache? Mbona mauaji yalianza alfajiri, na kikosi maalumu kutoka Nairobi kikayakomesha jioni? Lawama tuliwapa wenye dhamana.

Basi mizani na iwe moja. Mkataba wa Kuzuia na Kuadhibu Mauaji ya Kimbari ulikuwapo tangu 1948. Tarehe 21 Aprili 1994, Watutsi wakichinjwa Rwanda, Baraza la Usalama liliamua kupunguza askari wa Umoja wa Mataifa hadi 270 hivi. Uamuzi huo ulipigiwa kura na serikali zinazojulikana. Kusema "sheria imekufa" ni kuzifutia deni.

Nakiri tofauti moja: polisi wa Kenya hawana kura ya turufu ya kujikinga na mashtaka, wakubwa watano wa Baraza wanayo. Hiyo ni sababu ya kuipinga turufu, si ya kuizika sheria.

Tena sheria hiyo hiyo imewahi kulinda. Siku chache baada ya Garissa, serikali iliipa UNHCR miezi 3 kuifunga kambi ya Dadaab, kana kwamba aliyemkimbia muuaji ni mshirika wake. Amri ya kufunga ikarudi 2016. Februari 2017, Mahakama Kuu ya Nairobi iliibatilisha, ikitaja Katiba na wajibu wa Kenya kimataifa kwa wakimbizi.

Enyi wanafunzi, nanyi watumishi wa umma: kesho mtaletewa amri ya namna hiyo muitie saini. Msiseme sheria imekufa. Semeni mliisoma, kisha mkaamua nini.