Komedi ya Shuka na Rungu Imechosha Bana!

Kuna wachekeshaji wa hapa Chuga wakiishiwa tu, wanavaa shuka, wanashika rungu, tayari: mlinzi Mmasai anayeogopa lifti. Kiswahili kinavunjwa, klipu inasambaa. Halafu? Mtu wa Njiro au Sakina hajajua chochote kipya kuhusu Wamasai.

Na vituko vya kweli vipo kibao! Tangu 2022 familia za Ngorongoro zinahamishiwa Msomera, Handeni, huku shuka zikiendelea kuuzwa kwa watalii mjini. Mpeni Mmasai zamu ya kuwacheka wengine: aulize kwa nini yeye anapendwa kwenye picha za wageni, ila ng'ombe wake hawatakiwi. Hapo mtu atacheka, kisha atagugo Msomera ni wapi. Kuigiza lafudhi tu ni uvivu.