Asilimia Mbili za Msalala Ziulizwe Segese

Oktoba 2015 shimo la machimbo liliporomoka Nyangalata, wilayani Kahama, nchi nzima ikashika kichwa. Baada ya siku 41 wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai. Mwenzao mmoja alikuwa amefia humo humo. Habari ya namna hiyo huandikwa. Kijana aliyevunjwa uti wa mgongo na jiwe moja, au aliyeachwa bila vidole na karasha, mashine ya kusaga mawe, hatangazwi popote. Hurudishwa kwao, akawekwa kibarazani, na familia ikaanza kuuza ng'ombe mmoja mmoja kumtibu.

Segese, katika halmashauri ya Msalala, inaishi na watu hao, pamoja na wale waliozaliwa na ulemavu, walioupata kwa ugonjwa au kwa ajali za bodaboda. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Hao si wageni wa kuombewa mchango msikitini na kanisani kila mwezi. Ni wananchi wenye mafungu yao katika sheria, na mafungu hayo hayafuatwi kwa sababu jirani zao hawajawahi kuyauliza kwa sauti moja.

Fungu lililo karibu zaidi liko halmashauri. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ukiondoa yale yenye matumizi maalumu, kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya usimamizi mbovu, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa kanuni mpya. Sasa Msalala si halmashauri ya kutegemea ushuru wa mnada peke yake. Mgodi wa Bulyanhulu uko ndani ya eneo lake, na kampuni za namna hiyo hutozwa ushuru wa huduma kwa asilimia ya mapato ghafi. Katika kila shilingi milioni 100 za mapato hayo ya ndani, milioni mbili ni za mama asiyeona anayetaka mtaji wa mchele, na za fundi cherehani anayetembelea magongo. Ni mkopo na utarudishwa; lakini lazima kwanza mtu ajue upo, ajiunge na wenzake na afungue akaunti. Anayeweza kumwandikia katiba ya kikundi ni mwalimu wa jirani, kwa jioni moja.

Fungu la pili linahusu machimbo, na hapa ndipo hasara ni kubwa zaidi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi Julai 2015. Mwajiri ndiye anayechangia. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata senti. Mfanyakazi aliyeumia kazini hugharamiwa matibabu, na akiwa bado hawezi kufanya kazi hulipwa asilimia 70 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30, analipwa pensheni kila mwezi. Usipozidi, analipwa kwa mkupuo. Dai linatakiwa kufika ndani ya miezi 12.

Shida ni kwamba kwenye maduara mengi, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, hakuna mshahara, kuna mgao wa mawe. Hakuna mkataba, hakuna daftari, na siku ya ajali mwenye shimo husema huyo alikuwa mshirika wake tu. Kwa hiyo vyama vya wachimbaji vya Shinyanga na Geita vianze na jambo moja: kila mwenye leseni na kila mwenye karasha aandike majina ya watu wake kabla hawajashuka, na wanaostahili kuitwa waajiri wajisajili WCF. Wenzake aliyeumia nao wasikubali ajali imalizwe kwa nauli ya kumrudisha nyumbani.

Nauli yenyewe ni jambo la kuzungumzwa. Mwanafunzi ana nauli yake ya chini iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Mtu wa kitimwendo anayetoka Segese kwenda hospitali Kahama hulipa nauli nzima, mara nyingi na ya msaidizi wake, na kitimwendo hutozwa kama gunia. Kwa hili hakuna haja ya kungoja Dodoma. Wenye hiace na michomoko wa barabara ya Kahama–Kakola wanaweza kukubaliana stendi kwamba kitimwendo na magongo si mzigo, kiti cha mbele ni cha asiyeweza kupanda nyuma, na msaidizi analipa nusu.

Kahama imeshaona sheria ikifanya kazi. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiketi hapo ilitoa hukumu ya kwanza nchini kuwatia watu hatiani kwa mauaji ya mtu mwenye ualbino, mtoto wa miaka 14 kutoka Bukombe. Haki ya kuishi ilipiganiwa na taifa zima. Haki ya kupata mtaji, fidia na kiti garini inasubiri kijiji.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Wakazi wa Segese waende na maswali manne: kamati yetu ni akina nani, orodha ya watu wetu iko wapi, asilimia mbili za mwaka huu ni shilingi ngapi, na zimekwenda kwa vikundi gani? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, nakala apewe diwani. Na siku hiyo wenye bodaboda wawabebe bure wasioweza kutembea, ili wayaulize wenyewe.