Nguo za mtoto zisichanganywe na nguo za shamba

Ndugu msomaji, kila mwaka ifikapo Novemba na Desemba, wakulima wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega hupanda pamba. Pamba ikiota na kukua, wadudu huanza kuishambulia. Hapo baba hubeba bomba la dawa mgongoni na kwenda kupulizia shamba. Jioni anarudi amechoka. Shati lake limelowa dawa na suruali yake pia.

Je, nguo hizo huwekwa wapi? Mara nyingi hutupwa kwenye beseni la nguo chafu. Ndani ya beseni hilo zimo pia nguo za mtoto mchanga, nepi zake na mbeleko yake. Kesho yake mama anamwaga maji, anatia sabuni, anafua zote pamoja. Nguo zinang'aa. Lakini je, ni safi?

Maoni yangu ni haya. Nguo za mtoto mchanga zifuliwe peke yake, zianikwe peke yake na zitunzwe peke yake. Jambo hili halidai fedha nyingi. Linadai mpango wa nyumbani. Na mpango huo si kazi ya mama peke yake.

Mtoto mchanga si mtu mzima mdogo

Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba na laini. Mwili wake ni mdogo sana. Kiasi kidogo cha sumu, ambacho baba hawezi hata kukihisi, kinaweza kumdhuru mtoto. Tena mtoto hunyonya kila kitu. Hunyonya vidole, hunyonya shuka, hunyonya mkono wa shati lake. Kilichomo kwenye nguo huingia kinywani.

Dawa ya pamba imetengenezwa ili iue wadudu. Baadhi ya dawa hizo hushambulia mishipa ya fahamu. Dawa hupita kwenye ngozi na kuingia mwilini, hata kama mtu hakuinywa. Nguo ya kupulizia ikitiwa katika beseni moja na nguo nyingine, dawa hutoka na kuenea ndani ya maji. Kisha huingia katika nguo zote.

Kwa hiyo tufanye hivi:

Baba avue nguo za kupulizia nje ya nyumba. Aoge mwili mzima kwa sabuni, avae nguo nyingine, ndipo ambebe mtoto. Nguo za dawa ziwe na karai lao. Karai hilo litiwe alama, lisitumike kwa kazi nyingine yoyote. Mfuaji avae mipira ya mikononi na asuuze mara 2 au 3. Maji yake yasimwagwe mtoni, lamboni wala karibu na kisima. Yamwagwe mbali, mahali ambapo watoto na mifugo hawafiki.

Ni nani azifue nguo hizo? Mimi nasema, aliyepulizia dawa azifue mwenyewe. Mama anayenyonyesha na mama mjamzito wasizishike kabisa.

Jambo lingine ni makopo na chupa za dawa. Yapo makopo mazuri, yana mifuniko, yanashawishi. Usiyatumie kuwekea maji ya kufulia wala ya kunywa, hata ukiyaosha mara 10. Sumu haiishi humo.

Ukimwona mtoto anatokwa na mate mengi, anatoka jasho, anatapika, analegea au anapumua kwa shida, na dawa ilikuwa karibu, usingoje. Mvue nguo, muoshe kwa maji na sabuni, mkimbize kwenye kituo cha afya. Wakati huo huo mtu mwingine atafute chupa ya dawa na kuifikisha kituoni, ili mganga aone jina la dawa hiyo. Muda usipotee kwa kuitafuta.

Maji machache, nguo safi

Najua utasema, "Maji yako wapi?" Swali hilo ni la kweli. Wakati wa kiangazi mito mingi ya mkoa wetu hukauka. Watu huchimba mchanga wa mto ili wapate ndoo moja. Lakini mwenye ndoo moja anahitaji mpango zaidi kuliko mwenye ndoo 10.

Kanuni ni hii: maji yatoke kwenye nguo safi kwenda kwenye nguo chafu. Yasirudi nyuma. Fuata utaratibu huu:

1. Nawa mikono yako kwa sabuni. Osha beseni.

2. Anza na mashati, kofia na shuka za mtoto. Tumia maji safi na sabuni ya mche. Sabuni iwe kidogo.

3. Suuza mpaka povu liishe kabisa. Sabuni inayobaki kwenye nguo huwasha ngozi ya mtoto na kumletea vipele.

4. Maji ya sabuni yaliyobaki yanaweza kufulia nguo za watoto wakubwa, kisha za watu wazima.

5. Nepi zenye choo zifuliwe mbali na nguo nyingine. Kwanza kung'uta choo na ukitupe chooni. Usikitupe uani. Wapo watu wanaodhani choo cha mtoto hakina madhara. Si kweli. Choo hicho kina vijidudu vya kuharisha kama choo cha mtu mzima.

6. Loweka nepi, zifue kwa sabuni, zisuuze vizuri. Mtoto akiwa anaharisha, chemsha nepi zake kwa dakika 10 baada ya kuzifua. Kuni ni shida katika vijiji vyetu, kwa hiyo si lazima kuchemsha kila siku mtoto akiwa mzima.

7. Ukimaliza nepi, nawa tena mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula au kumnyonyesha mtoto.

Kitambaa cha kumfutia mtoto uso nacho kiwe chake peke yake. Ugonjwa wa macho uitwao trakoma huenea kwa mikono, kwa inzi na kwa vitambaa vinavyofuta uso wa huyu na wa yule. Ugonjwa huo ukirudiarudia kwa miaka mingi, mtu anaweza kuwa kipofu.

Usifulie ndani ya lambo

Akina mama wengi huenda kufulia lamboni. Huingia majini mpaka magotini, mtoto akiwa mgongoni. Nguo zikiisha, mtoto naye huogeshwa humo humo.

Ndani ya malambo mengi wamo konokono wadogo wanaobeba vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hutoka kwa konokono, huogelea majini na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Kwa hiyo hatari si nguo iliyokwisha kauka. Hatari ni wewe na mtoto kukaa ndani ya maji. Chota maji kwa ndoo, ufulie nchi kavu, mbali na ukingo. Maji ya lambo ya kumwogeshea mtoto yachemshwe kwanza, kisha yaachwe yapoe.

Anika juani, usianike juu ya mnyaa

Miji mingi ya Usukuma ina uzio wa minyaa. Uzio ule ni mzuri kwa kuzuia mifugo. Lakini si kamba ya nguo. Mnyaa una utomvu mweupe. Utomvu huo huunguza ngozi, na ukiingia jichoni huleta maumivu makali. Ukitupa nguo juu ya uzio, vijiti huvunjika na utomvu huingia kwenye nguo. Mtoto akivishwa, anaungua. Mama anashangaa, maana nguo ameifua vizuri.

Wengine huanika chini, juu ya majani au mchanga. Hapo kuna adui mwingine. Hapa Afrika kuna inzi mkubwa, mwenye rangi ya manjano iliyochanganyika na kahawia. Hutaga mayai kwenye mchanga wenye mkojo au kinyesi. Hutaga pia kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Mayai yakianguliwa, funza wadogo hungoja. Wakipata joto la mwili hupenya ngozi. Baada ya siku chache mtoto anatoka uvimbe kama jipu, wenye tundu dogo. Ndani yake yumo funza. Usimkamue kwa nguvu wala usikate kwa wembe. Mpeleke mtoto zahanati.

Dawa ya kumzuia inzi huyu ni jua, kamba na pasi. Simika nguzo 2, funga kamba juu, nguo zisiguse chini. Anika mahali penye jua kali. Ziache zikauke kabisa, hata pindo. Jua nalo huua vijidudu vingi. Kama una pasi ya mkaa, piga pasi pande zote mbili, hasa kwenye mishono. Joto la pasi huua mayai.

Kutunza nguo kwa ajili ya mtoto ajaye

Nguo za mtoto hazichakai upesi, kwa sababu mtoto hukua upesi kuliko nguo. Mama mwenye busara huzitunza kwa ajili ya mdogo wake.

Kabla ya kuziweka, zikague. Shona palipochanika. Kata nyuzi zinazoning'inia, maana uzi unaweza kujifunga kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu. Kaza vifungo vilivyolegea, kwa sababu mtoto anaweza kuvimeza na vikamkaba. Zikunje zikiwa kavu kabisa, uziweke katika mfuko wa kitambaa au sanduku lenye kifuniko, mbali na panya na mende. Usiziweke katika chumba kimoja na dawa ya pamba.

Usitie vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, vinavyoitwa nafthalini. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu fulani katika damu, ambao hauonekani kwa macho. Upungufu huo unapatikana sana katika nchi zenye malaria, kama yetu. Mtoto wa namna hiyo akivuta harufu ya vidonge hivyo, damu yake huweza kuvunjika. Anapata manjano na kupungukiwa damu. Manjano yakizidi sana, yanaweza kuharibu ubongo au kumwua. Kwa kuwa huwezi kujua mapema ni mtoto yupi, acha kutumia vidonge hivyo kwa nguo za watoto wote.

Siku za kujifungua zikikaribia, toa nguo zote, zifue tena, zianike juani. Fanya vivyo hivyo kwa mitumba uliyonunua mnadani. Nguo ya mnadani imepita katika mikono mingi. Na ukichagua, chagua nguo ya pamba. Inanyonya jasho na haimchomi mtoto kwa joto. Sisi ndio tunaoilima.

Wanaopinga wanasemaje?

Wapo wanaosema, "Mwafrika hafi kwa uchafu." Usemi huo ni wa mzaha, na mzaha haulindi mtoto. Kuharisha ni kati ya magonjwa yanayoua watoto wadogo wengi duniani.

Wapo wanaosema, "Bibi zetu walilea watoto bila mambo haya." Ni kweli bibi zetu walilea vizuri. Lakini bibi wa bibi zetu hakuwa na chupa ya dawa ya pamba ndani ya nyumba. Mambo yamebadilika, na sisi tubadilishe utaratibu.

Wapo akina baba wanaosema, "Kufua ni kazi ya wanawake." Hawa nawauliza: nani ana baiskeli? Nani anaendesha mkokoteni wa ng'ombe? Madumu 4 ya maji yanayobebwa na mkokoteni ni safari nyingi za mama kwa miguu. Kusimika nguzo 2 za kamba ni kazi ya saa moja. Kufua shati lako lenye dawa ni kazi ya dakika chache. Baba anayefanya mambo hayo 3 amewakinga watoto wake, wala heshima yake haipungui.

Tukumbuke mwaka 1973. Katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wa nchi hii walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadiliana. Kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Hawakungoja kuwa matajiri. Walikubaliana, wakafanya. Kamba ya nguo na karai la pekee ni kazi ndogo kuliko kuchimba choo.

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma, msomee jirani ambaye hajui kusoma. Kisha nenda ukaangalie beseni la nyumbani kwako. Kama shati la shamba liko pamoja na nguo za mtoto, litoe leo.

Jadilini katika kikundi

1. Kijijini kwetu nguo za kupulizia dawa hufuliwa wapi, na nani huzifua?

2. Ni nyumba ngapi zina kamba ya kuanikia nguo? Zile zisizo nayo zitaipata lini?

3. Akina baba watasaidiaje kuleta maji wakati wa kiangazi?