Maji Ndani ya Gari la Parokia: Tutafute Chanzo, Tusiishie Kufuta Sakafu



Wapendwa waamini na wasomaji wa tafakari hii ya kila juma, hapa Kinyangiri, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Mkoa wa Singida, tunao msimu mmoja tu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza mwishoni mwa mwaka na kukoma Aprili au Mei. Miezi mingine ni ya jua na vumbi. Ndiyo maana gari laweza kukaa nusu mwaka likiwa na tundu pasipo mtu kulitambua. Mvua ya kwanza inaponyesha, kapeti inalowa, vioo vinajaa ukungu, na sote tunailaumu mvua. Juma hili napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo hilo linalodhaniwa kuwa dogo.

Wapo wasemao kwamba gari la parokia ni gari la kazi, na kulowa kidogo si hoja, maadamu injini inawaka. Siafikiani nao. Gari hilo humbeba mgonjwa usiku kwenda hospitali. Hubeba vitabu vya ubatizo, hosti na divai kwenda vigangoni, na magunia ya mahindi ya zaka. Zaidi ya hayo, maji yaliyonaswa chini ya kapeti hayakauki upesi, kwa kuwa sponji iliyo chini yake huyahifadhi kwa majuma mengi. Hapo kutu huanza kula bati la sakafu, na viti pamoja na mikanda ya usalama hufungwa kwenye sakafu hiyohiyo. Nyaya za umeme nazo hupita chini ya kapeti. Kwa hiyo tunazungumzia uhai wa watu, wala si unadhifu tu.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kutibu pale palipolowa. Maji huingia juu, hufuata mikunjo ya bati, kisha hutokea mbali kabisa. Fundi mwema huanza kwa kuuliza: haya ni maji gani, nayo huja lini? Yakiwa na rangi, yakateleza vidoleni na kuwa na harufu ya utamu, hayo ni maji ya rejeta yanayovuja kwenye hita iliyo ndani ya dashibodi. Injini yaweza kuchemka, basi yasipuuzwe. Yakiwa maji safi, tena siku ya jua, miguuni pa abiria wa mbele baada ya kiyoyozi kutumika, yamkini kijibomba cha kutolea maji ya kiyoyozi kimezibwa na vumbi. Yakija siku ya mvua tu, tatizo limo kwenye bodi la gari: raba ya kioo cha mbele, raba za milango, matundu ya skrubu za keria, maungio ya paa, au mfereji ulio chini ya kioo cha mbele uliojaa majani ya miti tunayoegesha gari kivulini pake.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mitambo. Toa kapeti, kausha sakafu, tandaza magazeti makavu. Mtu mmoja akae ndani na tochi. Mwingine amwage maji polepole kutoka nje, akianza chini na kupanda juu, sehemu moja baada ya nyingine, akisubiri dakika chache kila mara. Akianzia juu, maji yatashuka kila mahali na hatajua yalikoingilia. Kwa kuwa kwetu maji ni ya shida, ipo njia nyingine: funga milango na vioo vyote, washa feni ya gari kwa nguvu ikivuta hewa ya nje, kisha paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likitoa mapovu, hewa inatoka hapo, na maji yaweza kuingilia hapohapo.

Chanzo kikipatikana, tusikifunike juujuu. Silikoni ile yenye harufu ya siki, ikipakwa juu ya bati lenye kutu, huongeza kutu. Kutu ikwanguliwe kwanza, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo izibwe kwa gundi inayofaa magari. Vitundu vilivyo chini ya milango vizibuliwe, kwani vimewekwa ili kutoa maji. Na wale wanaotoboa sakafu ili maji yapate pa kutokea wanakaribisha vumbi na moshi wa ekzosi ndani, huku tatizo likibaki palepale.

Kanuni ya 1284 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inamtaka kila msimamizi wa mali za Kanisa awe na bidii ya baba mwema wa familia. Naye Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake, alimwagiza mtunza mali wa monasteri aviangalie vyombo vyote kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Gari letu limenunuliwa kwa sadaka za wakulima wa alizeti na wafadhili wasiotufahamu kwa sura. Kusema "ni mali ya Kanisa" kusiwe na maana ya kwamba si mali ya mtu.

Maoni yangu basi ni haya: kila Halmashauri ya Walei itenge katika bajeti yake fedha kidogo za ukaguzi huu, ufanyike kabla ya mwisho wa Oktoba, wakati jua lingali kali la kukausha kapeti na rangi. Waamini mafundi waalikwe kutoa ujuzi wao kama sadaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na bei ya sakafu mpya ya gari twaijua.

Wapendwa, hata katika familia na jumuiya zetu ndogo ndogo, machozi huonekana kwa mmoja ilhali chanzo kiko kwa mwingine. Tusikimbilie kufuta, tuwe na saburi ya kutafuta.

Mungu awabariki, nawatakia Dominika njema.